Unanyonyesha na unasafiri kikazi: sindano ya pepopunda uchome au usichome?

Mbukwenyi! Salamu kwenu Dodoma mjini, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, mpaka kwa majirani zetu wa Singida na Manyoni. Leo nazungumza na mama anayenyonyesha ambaye mkataba wa kazi ya nje umeshafika, na kwenye karatasi ya afya wakala ameandika: chanjo ya pepopunda. Nyumbani mabishano yameanza. Mama mkwe anasema dawa itaingia kwenye maziwa. Shoga anasema mwachishe mtoto kwanza ndipo ukachome. Na wewe umebakiza wiki tano uondoke.

Dada yangu, usimwachishe mtoto ziwa kwa ajili ya sindano hii. Kumkatisha ghafla kuna madhara ya kweli: matiti yanajaa na kuuma, mtoto wa miezi minne anaanzishiwa maziwa ya kopo kwa maji ambayo pengine hayajachemka vizuri, tumbo linaanza kuharisha. Yote hayo kwa kukimbia hatari ambayo haipo.

Haipo kwa sababu ndani ya kichupa kile hamna mdudu, awe hai au mfu. Kilichomo ni sumu ya bakteria wa pepopunda iliyovunjwa makali kiwandani, imebaki sura tu ili mwili uijue adui anafananaje. Haizaliani, haiambukizi, na haina namna ya kupita kwenye maziwa ikamdhuru mtoto. Unachomwa, unampakata mwanao, unamnyonyesha pale pale kwenye benchi la kliniki. Hakuna saa za kusubiri wala maziwa ya kukamua na kumwaga.

Kwa hiyo kunyonyesha tuweke pembeni. Swali la maana ni hili: unaihitaji au tayari unayo? Jibu liko kwenye kadi yako ya kliniki ya ujauzito, ile yenye sehemu ya TT, yaani chanjo ya pepopunda, au Td, yaani pepopunda pamoja na dondakoo, kama ni ya miaka ya karibuni. Kama kadi iko sandukuni kwa bibi huko Kibaigwa, simamisha video, piga simu, waipige picha wakutumie. Nasubiri.

Haya, tuhesabu. Dozi ya kwanza inauamsha mwili tu, usiitegemee. Ya pili, ikija wiki 4 au zaidi baada ya ile, inakulinda kama miaka 3. Ya tatu inafuata baada ya miezi 6 au zaidi, ulinzi unafika miaka 5. Ya nne, baada ya mwaka, inakupa miaka 10. Ya tano, baada ya mwaka mwingine, inakufikisha mwisho wa umri wa kuzaa na hata kupita hapo. Muda huo kati ya dozi na dozi ni wa chini kabisa. Ukichelewa, hata kama ni miaka minne, hurudi mwanzo, unaendelea ulipoachia. Wengi wanapotezewa dozi kwa kuambiwa "tuanze upya", na hakuna sababu yoyote ya kitaalamu ya kuanza upya.

Chukua mfano wa mama aliyepata dozi 2 kwenye mimba ya mwaka 2018, 1 kwenye mimba ya 2021, na 1 kwenye mimba ya huyu anayemnyonyesha sasa, mwanzoni mwa 2024. Ana 4. Mpaka mwanzoni mwa 2034 yuko salama. Akichoma ya tano kabla ya kusafiri, kazi ya kuhesabu miaka imekwisha. Huyo nitamwambia achome hiyo ya tano kama mwaka umeshapita tangu ya nne, lakini asilie wala asiahirishe safari kama hakuipata.

Mwingine ana kadi yake ya utotoni inayoonyesha DPT tatu, chanjo ya watoto ambayo ndani yake imo ya pepopunda. Usiitupe! Zile tatu za uchanga, zikiwa zimeandikwa, zinahesabiwa kama dozi mbili za ukubwani. Anayesema tu "mama aliniambia nilichanjwa" hana cha kuhesabiwa. Ila kabla hujakata tamaa, rudi kituo ulichohudhuria ukiwa mjamzito, waombe waangalie daftari la kliniki la mwaka ule. Makole, kwa mfano, au zahanati ya kijijini kwenu, daftari linaweza kuwepo hata kama kadi imeliwa na mchwa. Likikosekana nalo, unahesabiwa kuwa hujaanza.

Na kama hujaanza, kalenda ndiyo inayokubana. Unahitaji dozi mbili zilizoachana wiki 4, kisha wiki 2 za mwili kujijenga. Jumla wiki 6 kabla ya kupanda ndege. Ukiwa na wiki tano, choma ya kwanza leo hii, usingoje Jumatatu, na ya pili siku ya 28. Ya tatu utaikuta huko huko kazini baada ya miezi 6. Anayeongeza busta, yaani dozi ya nyongeza, juu ya msingi uliopo yeye hana presha, wiki 2 kabla zinamtosha.

Sasa kuna jambo linalonigusa, maana nchi hazisemi lugha moja. Marekani wanachoma busta kila miaka 10 maisha yote. Uingereza wanasema dozi 5 zinatosha, isipokuwa unakwenda mahali ambapo matibabu ya pepopunda ni magumu kupatikana na imepita miaka 10. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto aliyekamilisha dozi 6, yaani 3 za uchanga na 3 za nyongeza mpaka ujanani, hahitaji tena ukubwani. Ndiyo maana wakala mmoja anakudai cheti kipya na mwingine hakuulizi kabisa. Hakuna sheria ya kimataifa inayomzuia msafiri mpakani kwa sababu ya pepopunda. Ni matakwa ya mwajiri, na mwajiri unaweza kumwonyesha kadi yako.

Mwonyeshe kweli, kwa sababu kuzidisha kuna gharama. Ukichomwa wakati kingamwili bado ni nyingi, mkono unaweza kuvimba kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko ndani ya saa chache, mwekundu na wenye maumivu makali. Hutakufa nao, ila kumbeba mtoto na kufunga mizigo ukiwa hivyo ni taabu. Aliyewahi kutokewa hivyo asichome tena mpaka miaka 10 ipite, na amwambie nesi mapema.

Siku ya kuchoma, fikiria mkono. Dozi ni nusu mililita, inaingia kwenye msuli wa bega. Chagua mkono ambao hulazi kichwa cha mtoto unaponyonyesha, na usiwe ule unaoulalia usiku. Nesi hatakuuliza hilo, mwambie mwenyewe. Muulize pia akuonyeshe kichupa: kuna kiduara chenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana rangi na duara au kuwa mweusi zaidi, isitumike. Kile kiduara hakionyeshi kama chanjo iliganda kwa baridi, na kuganda kunaiharibu; inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kuuliza siyo kumdharau nesi. Nesi mzuri hufurahi.

Kisha kaa dakika 15, usisimame haraka, hasa kama umenyonyesha usiku kucha na hujala. Kuanguka kwa kizunguzungu kunatokea kuliko madhara mengine makubwa. Mkono utauma siku 1 hadi 3, unaweza kushika kijinundu kigumu, hicho ni kawaida. Paracetamol inafaa kwa anayenyonyesha, hata ibuprofen kwa dozi ya kawaida. Aspirini iache.

Hapa mama wanaonyonyesha wanachanganya mambo, nisikilizeni. Homa ya sindano ni ndogo na haizidi siku 2. Ukiona joto limepanda mpaka 38.5, mwili unatetemeka, na upande mmoja wa titi umekuwa mgumu, mwekundu na wa moto, hilo ni titi lenyewe limepata uvimbe. Usikae nyumbani ukisema "ni chanjo". Nenda kituo, na endelea kunyonyesha au kukamua titi hilo hilo. Na kama uvimbe huo ulikuwepo na homa kali kabla ya sindano, ahirisha siku chache. Mafua madogo hayakuzuii. Wa kuacha kabisa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali, wa kubanwa pumzi au kuvimba uso, baada ya dozi iliyopita.

Chanjo ya kuogopea kwa mama mwenye mtoto mchanga ni nyingine: homa ya manjano. Ile ina kirusi hai. Nchini Brazili mwaka 2009, mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya aliugua ugonjwa wa ubongo kuvimba baada ya mama yake kuchanjwa. Kwa hiyo kama nchi unayokwenda, au unayobadilishia ndege, inadai kadi ya njano na mtoto wako hajafika miezi 9, usichomwe kwa haraka kwenye foleni. Muone daktari, mjadili kuahirisha safari au barua ya kitabibu ya kutochanjwa. Cheti chenyewe huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na kinadumu maisha yote. Ya pepopunda inaweza kuchomwa siku moja na chanjo nyingine yoyote, ila kila moja mahali pake.

Na kazi yenyewe je, ina hatari? Mbegu za bakteria huyu zinakaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha mifugo kila pembe ya dunia, siyo kwenye mazizi ya Ugogo peke yake. Bustani, zizi la farasi, jengo linalojengwa, msumari kwenye jaa. Huyu haambukizi mtu kwa mtu, hivyo kuchanjwa kwa wenzako hakukukingi wewe. Na aliyeugua akapona hana kinga, bado anahitaji chanjo. Ukikatwa ughaibuni, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usipake majivu wala samadi, na hesabu tena: kidonda kichafu au kirefu, kama imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho, unaongezewa, kidonda safi na kidogo, miaka 10. Asiye na dozi 3 na ana kidonda kichafu anahitaji chanjo pamoja na kingamwili iliyo tayari, na hiyo nayo haizuii kunyonyesha. Ndiyo maana picha ya kadi iwe kwenye simu.

Jambo moja limebaki, nalo ni la mtoto. Kinga aliyopata tumboni kwako ilipita kwenye kondo la nyuma, nayo inapungua miezi inavyokwenda. Busta unayochoma sasa haimfikii kwa maziwa kiasi cha kumlinda. Kinga yake ni penta, chanjo ya watoto ambayo ndani yake imo ya pepopunda, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama unamwacha kwa bibi, kabla hujapanda treni ya Dar hakikisha kadi ya mtoto inabaki kwa bibi, haimo kwenye begi lako, na tarehe ya kliniki inayofuata imeandikwa kwa kalamu kwenye jalada lake.