Pima g nyumbani kwa uzi, nati na simu

Habari ndugu mtazamaji. Leo tunapima mchapuko wa graviti, ile g ya darasani, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka kila sekunde, hapa hapa mlangoni kwangu. Tafuta uzi imara usiovutika, nati moja kubwa ya boliti, futikamba, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Mizani usiiazime, haina kazi leo, na sababu yake utaiona.

Kabla ya kushika uzi, tuelewane neno moja. Shuleni tuliimba vipimo saba vya msingi: mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli, kandela. Wengi waliimba bila kuambiwa "msingi" ni nini. Urefu hauundwi kwa kuchanganya tungamo na muda, unasimama wenyewe. Kasi haisimami yenyewe, ni urefu uliogawanywa kwa muda. Na g ni hivyo hivyo, imeundwa na vitu vya msingi. Leo utaiunda kwa mikono yako.

Funga nati kwenye uzi. Ncha ya juu usiifunge kwenye msumari: uzi utajizungusha pale, na urefu utabadilika kila nati inapobembea. Ibane katikati ya vibao viwili, vibao uvikaze juu ya fremu ya mlango. Tazama hapa kwa karibu. Uzi unachomoza kwenye ukingo wa kibao. Sifuri ya futikamba inakaa hapo. Shuka nayo hadi katikati ya tundu la nati, usiishie kwenye fundo. Rekebisha mpaka upate mita moja kamili.

Vuta nati pembeni kidogo, kama sentimita 10, uiachie bila kuisukuma. Iache ibembee mara mbili tatu.

Sasa kuhesabu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nati inapopita katikati ikielekea kulia, bonyeza simu na useme "sifuri". Sifuri, si moja! Ikipita tena hapo ikielekea kulia, ndiyo moja. Nenda hadi 20, simamisha. Ukianzia moja utakuwa umehesabu mizunguko 19 tu, na g yako itavuka 10.8. Tunahesabu 20 kwa sababu kidole huchelewa. Kosa la kidole likigawanywa kwa 20 linabaki dogo sana.

Mimi nimepata sekunde 40.2. Gawa kwa 20: mzunguko mmoja ni sekunde 2.01. Sasa kanuni ya pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi kama nati yetu: chukua 4, zidisha kwa pai mraba, zidisha kwa urefu, ambao ni 1: unapata 39.48. Gawa kwa 2.01 mraba, yaani 4.04. Jibu ni 9.77. Juu kulikuwa na mita, chini sekunde mara sekunde, kwa hiyo ni mita kwa sekunde mraba.

Jibu lako likitofautiana kidogo na la mtu wa Ulaya, usishtuke. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na Ikweta, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris. Graviti hupungua kidogo ukikaribia Ikweta. Ndiyo maana napenda kisa cha mita: kulikuwa na pendekezo iwe urefu wa pendulamu inayopiga sekunde, lakini mwaka 1791 wanasayansi wa Ufaransa walilikataa, wakachagua kipimo cha dunia yenyewe. Tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde. Mwanga haujali uko Moshi au Paris.

Sasa ile mizani. Fungua nati, funga nyingine nyepesi kuliko ile, rudisha urefu uwe mita moja hadi katikati ya tundu, hesabu tena 20. Muda ni ule ule. Angalia kipimo cha jibu letu: mita na sekunde tu, kilogramu haimo.