Nairobi hadi New York: kilomita zilezile, saa tofauti

Mabibi na mabwana, nimekuja na tufe na uzi. Kijana uliye hapo mbele, njoo unisaidie. Bana ncha moja Nairobi, nyingine New York, kisha vuta uzi ukaze. Tusomee umepita wapi. Sudan Kusini, Chad, Algeria, Morocco, ndipo ukaingia Atlantiki. Asante sana.

Tukipiga rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Kameruni, Nijeria, Burkina Faso na Mali. Ramani ile imetandazwa bapa, na dunia ni mviringo. Njia fupi ni ya uzi, takriban kilomita 11,830, ingawa marubani nao hukengeuka kukwepa dhoruba au anga isiyo salama.

Sasa muda. Ndege kubwa hukata kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na dakika chache. Lakini tangu Kenya Airways ianze safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwenda huchukua karibu saa 15, na kurudi mara nyingi hupungua kwa saa nzima au zaidi. Umbali haujabadilika, kinachobadilika ni upepo. Juu ya Atlantiki, kilomita kama 10 kutoka usawa wa bahari, huvuma mkondo wa upepo utokao magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi kasi yake huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda anakabiliana nao, anayerudi anasukumwa nao, kama jahazi na pepo za msimu.

Kuna jambo jingine ambalo abiria halioni, nami naliona kubwa kuliko yote. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi: injini hupungukiwa nguvu, na mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi ndipo yainue ndege. Ibebeshe mafuta ya saa 15, uone kazi iliyopo! Ndiyo maana kupaa usiku kunafaa, hewa ikiwa imepoa na kuwa nzito. Na uzito ukizidi, hupunguzwa mizigo au abiria. Mafuta ya safari hayaguswi.

Mwisho, tiketi, maana hapa ndipo jamaa wanaokwenda kupokea wageni huchanganyikiwa. Tuseme imeandikwa kuondoka saa sita usiku, kufika saa moja asubuhi. Mtu anahesabu saa 7 na kufurahi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake, na New York iko nyuma yetu kwa saa 8 majira ya baridi: 7 na 8, hizo ni 15. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, wao wakiwa wamesogeza saa mbele, ongezeni 7 tu.