Kupaka mabaka kwenye vikinga ugoko kwa rangi ya kupuliza

Haya, karibuni tena. Hapa mezani nina vikinga ugoko viwili, gamba la plastiki nyeupe, havina mvuto wowote. Tukimaliza vitakuwa na mabaka: kijivu, buluu na nyeusi.

Najua wapo wanaosubiri kijani na kahawia. Ukitaka kijani paka kijani, hatua ni zilezile, ila ulizia kwanza sheria za huko uliko. Kuna nchi ambazo raia haruhusiwi kabisa kuvaa mabaka ya kijeshi. Barbados na Jamaika zimo. Mimi napenda buluu. Hainiletei maswali, halafu inapendeza zaidi, mnisamehe wapenzi wa kijani.

Kabla hujagusa kopo la rangi, geuza kifaa chako utafute pembetatu ndogo yenye namba. Hii hapa... subirini nisogeze simu... mnaiona? Namba 5, na chini yake PP. Hiyo ni polipropilini. Ukikuta 5, au 2, ambayo ni polietilini ngumu, jua una plastiki inayokataa rangi. Dondoshea tone la maji uone: linajikusanya kama kidonge na kuteleza, halitandazi. Rangi nayo itafanya hivyohivyo. Itakubali leo, kisha mechi ya kwanza itabanduka vipande vipande. Kama kifaa chako kimeandikwa ABS, aina nyingine ya plastiki, una bahati, hiyo inashika rangi bila ugomvi mkubwa.

Na kofia ya baiskeli msiniletee. Watu wananiuliza kila mara. Ndani ya kofia ile kuna povu la polistirini, na viyeyusho vilivyomo kwenye rangi ya kupuliza vinalila povu hilo. Gamba la nje nalo linaweza kudhoofika na kwa macho usione kitu. Kofia iacheni ilivyotoka kiwandani. Kikinga ugoko, chupa ya maji, koni za mazoezi, hivyo pakeni mpaka mchoke.

Kusafisha: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza, kausha. Msasa namba 400, kwaruza mpaka ule mng'ao uishe. Futa vumbi kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Usitumie asetoni wala thina, zitayeyusha baadhi ya plastiki ukiwa unatazama. Kuanzia hapo shika kwa glavu, maana mafuta ya vidole yanatosha kuharibu kazi. Sponji ya nyuma na mikanda ziba kwa tepu ya karatasi. Hii sehemu naipitisha haraka, kila mtu anajua kubandika tepu.

Sasa barakoa. Ile ya kitambaa haifai, na ile ya vumbi peke yake haifai. Unataka yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Fanyia nje, au mahali hewa inapita kweli. Gesi inayosukuma rangi ndani ya makopo haya mara nyingi ni propani na butani, kwa hiyo hakuna sigara, hakuna jiko linalowaka karibu. Simu yangu nimeifunika kwa nailoni, ndiyo maana picha ina ukungu kidogo. Simu iliyopita ilikula buluu kwenye kioo.

Praima ya plastiki. Si praima ya mbao, si ya chuma. Iandikwe kwamba ni ya kushikishia rangi kwenye plastiki. Nyingi hazina rangi, unapuliza utando mwembamba na unaona kama hujafanya kitu. Umefanya. Nyingi pia zinataka rangi ifuate baada ya dakika chache tu, kwa hiyo soma mgongo wa kopo *kabla* ya kupuliza, si baada.

Na tukiwa hapo hapo kwenye mgongo wa kopo, naomba msikilize, kwa sababu kazi nyingi za mabaka zinafia hapa. Tafuta mstari unaosema ni lini unaruhusiwa kurudia rangi. Hili kopo langu linasema: ndani ya saa 1, au baada ya saa 48. Hakuna katikati. Ndani ya saa moja, au usubiri siku mbili. Makopo mengine yanasema saa 24, ndiyo maana nasema someni la kwenu.

Kwa nini? Rangi inakauka ngozi ya juu kwanza, chini bado laini. Ukipuliza saa ya tatu, viyeyusho vipya vinapenya ile ngozi, vinaivimbisha, na rangi yote inajikunjakunja mbele ya macho yako. Rangi za aina ya enameli ndizo zenye tabia hii zaidi. Sasa mtu wa rangi moja hana shida, anapuliza mara mbili anaondoka. Sisi wa mabaka tuna rangi tatu, tuna violezo, yaani kadi zenye tundu la umbo la baka, tuna kusogea nyuma kutazama, tuna kwenda kunywa chai. Chai ndiyo inayoharibu mabaka. Violezo viwe vimeshakatwa, makopo yote matatu yawe yameshatikiswa, kisha ndiyo uanze.

Violezo ni kadi nene tu. Chora umbo lisiloeleweka, kata kwa wembe. Nakata vyangu na ninauza pia, ila nikishawaonyesha hivi nani atanunua tena. Ongeza majani halisi yenye vidole vidole, na kipande cha wavu wa mfuko wa kufulia.

Tikisa kopo dakika nzima baada ya kusikia gololi ya ndani inagonga. Tuanze. Saa yangu naiweka hapa muione.

Kijivu kwanza, rangi nyepesi kuliko zote. Umbali sentimita 25 hadi 30. Anza kubonyeza nje ya kifaa, pita, achia ukiwa umeshatoka upande wa pili. Usianzie juu ya kifaa, kopo linatema matone mwanzoni. Utando wa kwanza uwe mwembamba mpaka nyeupe ionekane. Ndiyo, ionekane. Dakika kumi. Utando wa pili, sasa imefunika. Tungoje tena isinate.

Wakati tunangoja: mnajua Sheria ya 4 ya soka inataka vikinga vifunikwe na soksi? Kwa hiyo yote haya hakuna atakayeyaona. Mke wangu amenikumbusha hilo mara kadhaa. Kuna msanii Mwingereza, Norman Wilkinson, mwaka 1917 alipendekeza meli zipakwe michirizi mikali, si kuzificha bali kumchanganya adui asijue meli inaelekea wapi. Sasa yule angalau meli yake ilionekana.

Dakika ya 25. Buluu. Kiolezo cha kadi, na hapa una chaguo: ukikilaza kwenye plastiki unapata ukingo mkali, ukikiinua sentimita moja hivi unapata ukingo wenye ukungu. Napenda ukungu kwa mabaka makubwa. Puliza mara mbili fupi, fyu, fyu, basi. Baka lipite mpaka ukingoni na lizunguke upande wa pili. Mabaka yakikaa katikati peke yake kifaa kinaonekana kina ugonjwa wa ngozi. Wazo lenyewe la mabaka ni kulivunja umbo, jicho lisifuate ukingo. Na usifanye kulia na kushoto vifanane.

Unaponyanyua kiolezo, nyanyua wima. Usikiburuze. Wima, juu moja kwa moja, kama... la, simamisha kwanza. Oneni. Upepo umesukuma kadi, na hapa chini kuna tone linashuka. Mnaliona? Hapa, mkono wangu unawaziba, samahani. Hapo.

Usiliguse. Najua kidole kinawasha. Ukilifuta sasa utavuta buluu, utavuta kijivu, pengine utafika mpaka kwenye praima. Liache likauke, tutalishughulikia siku ya tatu kwa msasa namba 600 na maji, kisha mpulizo mdogo wa buluu. Mbona siku ya tatu? Kwa sababu ndani ya saa moja, au baada ya 48. Tunaendelea.

Geuza mgongo kwenye upepo. Hivi. Tumefika dakika ya 40, twende na nyeusi, kwa jani. Gusa kwa kidole, glavu isinate, ndipo ulaze jani. Buluu ikiwa mbichi jani linabeba rangi. Bonyeza vidole vya jani vilale, puliza kutoka juu kabisa, si kwa pembeni, ukipuliza kwa pembeni rangi inaingia chini ya jani. Nyanyua wima. Oo, hilo limetoka safi! Ngoja niwasogezee. Nyeusi iwe kidogo kuliko zote, maana ikizidi, ukiwa mbali yote inageuka giza tupu.

Dakika ya 52. Wavu, umeukaza vizuri, kijivu tena kidogo tu juu ya nyeusi, huku na huku. Unatoka kama magamba ya nyoka. Nimeweka sehemu tatu, mkono unataka ya nne, nauzuia. Saa imebaki kidogo, weka makopo chini.

Subirini kidogo, kuna mdudu ametua. Naye mwacheni. Akikauka atatoka kwa msasa pamoja na lile tone.

Tepu ivute sasa, kabla rangi haijakakamaa, ukiilaza nyuma kwa pembe, taratibu. Ukiiacha mpaka kesho inaweza kung'oa ukingo wa rangi.

Vanishi ya kufunika, isiyong'aa, ya aina ileile ya rangi. Ningeweza kuipuliza sasa hivi kama ningebaki na muda, ila sina, na saa moja naihesabu tangu mpulizo wa kwanza wa rangi, si wa mwisho. Kwa hiyo siku mbili. Nasema tena kwa yule anayetazama huku keshashika kopo: si jioni hii. Si kesho asubuhi.

Baada ya vanishi vipe vikinga wiki nzima kabla ya kuvivaa. Ukitaka kujipima, bandika tepu sehemu iliyofichika, ikandamize, ivute kwa ghafla. Ikitoka safi, praima imefanya kazi. Ikitoka na buluu, rudi kwenye sabuni, maana karibu kila mara ni mafuta. Mateke yatakwaruza tu, hakuna rangi ya kopo inayozuia daluga. Lakini kwenye mabaka mkwaruzo mmoja nani atautambua.

Makopo yaliyobaki yapindue kichwa chini, bonyeza mpaka itoke gesi tupu, ndiyo pua isizibe. Yasikae kwenye gari lililopigwa jua. Yameandikwa yasizidi nyuzi 50. Kama una namba 2 au 5 na umekosa praima ya plastiki, niandikie chini kifaa ni kipi kabla hujapuliza chochote.