Gundi ya Kidonda Kutoka kwa Nyoka

Mabibi na mabwana, kabla sijaanza: asitoke mtu hapa akapake sumu ya nyoka kwenye kidonda. Kifutu akikuuma, sumu yake huozesha nyama, na wapo waliokatwa miguu. Ile "dawa ya moto ni moto" tuiache mlangoni.

Twendeni Botucatu, jimbo la São Paulo, Brazili. Chuo kikuu cha UNESP kina kituo cha utafiti wa sumu za wanyama, CEVAP. Humo hukamuliwa Crotalus durissus terrificus, nyoka ambaye mkia wake hulia kama kayamba. Sumu yake ni mchanganyiko wa vitu vingi. Watafiti huchuja kimoja: kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, na hiki hugandisha damu.

Damu yetu ina protini iitwayo fibrinojeni. Ukijikata, mwili huigeuza kuwa nyuzi za fibrini, zikanasa chembe za damu kama jarife linavyonasa samaki. Kimeng'enya cha nyoka hufanya kazi hiyohiyo. Kikiingia mishipani kwa jino, ni balaa: huimaliza fibrinojeni ovyo, na ajabu yake, damu ikawa haigandi tena! Lakini kikitiwa kidondani kwa kipimo, pamoja na fibrinojeni ya nyati-maji wa kufugwa na kalsiamu kidogo, hufanya utando wa gundi papo hapo, na chini yake nyama mpya hupata pa kushikia.

Kwa nini damu ya nyati-maji? Gundi nyingi za namna hii hutokana na damu ya binadamu, ambayo ni adimu, tena lazima ikaguliwe virusi.

Gundi hiyo ya nyoka wameijaribu kwa vidonda sugu vya miguu vinavyoletwa na vena dhaifu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, vile mtu anavyoviuguza miaka. Walikuwa wagonjwa 31, kwa majuma 12, na shabaha ya kwanza ilikuwa usalama. Vidonda kadhaa vilifunga. Hapo mimi nasita, maana wagonjwa walifungwa pia bandeji ya kubana, ambayo yenyewe ni tiba ya vidonda hivyo, na kundi la kulinganisha halikuwepo. Aliyefunga kidonda ni nyoka au ni bandeji? Wagawanywe makundi mawili, wote wafungwe bandeji, gundi wapate nusu tu.

Haya, maswali. Naona mzee wa nyuma kanyoosha mkono tangu nilipomtaja kifutu.