Nani Aoe, Nani Aolewe: Jinsia Katika Ulimwengu wa Kubuni

Ndugu zangu,

Nimewaita ndugu makusudi. Ningeanza na "mabibi na mabwana" ningekuwa nimeshawagawa mafungu mawili kabla sijanywa maji. Neno "ndugu" halimuulizi mtu ana ndevu au hana, na leo nitazungumza kuhusu maneno yanayouliza na yasiyouliza.

Miaka kadhaa iliyopita nilijaribu kutafsiri, kwa kujifurahisha tu, kurasa chache za The Left Hand of Darkness, riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1969 iliyozoa Nebula na Hugo, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi. Ndani yake kuna habari fupi inayomshtua msomaji wa Kiingereza: mfalme ana mimba. Mimi niliiandika kwa sekunde tatu. "Mfalme ana mimba." Nikajiona fundi. Kilichonikwamisha kilikuwa mbele kidogo, neno ambalo hata sikuliwazia: kuoa. Nitalirudia.

Kwa ambao hamjaisoma: sayari inaitwa Gethen, baridi yake haina mfano, na watu wake hawana jinsia kwa sehemu kubwa ya mwezi. Mzunguko wao ni siku 26 hadi 28. Siku 21 au 22 mtu yuko katika hali inayoitwa somer, si mume si mke, hana ashiki na yeyote. Kisha huja kemmer. Hapo wawili wakikutana, mmoja mwili unageukia uke na mwingine uume, na hakuna anayejua mapema atageukia upande upi. Aliyebeba mimba mbili huenda ni baba wa watoto wengine watatu.

Sasa tazameni anavyoijenga hiyo sayari. Anafuata jambo lile moja mpaka jikoni na mpaka ofisini. Mtu akiwa kemmer halazimishwi kwenda kazini. Na kwa kuwa yeyote wa umri wa kuzaa anaweza kukuta tumbo limejaa, hakuna kundi la watu ambalo mwajiri analitazama akisema, "Huyu atanisumbua na likizo ya uzazi." Wote watamsumbua. Kanuni moja ya mwili, na sheria, kazi, urithi na siasa vyote vinahama mahali pake. Mwandishi anayesema tu "katika sayari hii watu wote ni huru kupendana" kisha akaacha mahari, mashamba na vikao vya ukoo kama vya kwao nyumbani, huyo amepaka rangi ukuta. Nyumba hajajenga.

Riwaya ilipotoka, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kiwakilishi. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi kuchagua kati ya "he" ya kiume na "she" ya kike, naye aliwaita watu wote wa Gethen kwa kiwakilishi cha kiume. Wasomaji, hasa wanawake, wakalalamika: mbona basi naona wanaume watupu? Mwaka 1976 aliandika makala ya kujitetea. Mwaka 1987 akairudia makala ile ile, akaongeza maelezo pembeni na kukiri kwamba walalamikaji walikuwa na haki. Mimi namheshimu zaidi kwa maelezo yale ya pembeni kuliko kwa tuzo zake. Kabla ya makala hizo, alipoichapa upya hadithi yake fupi kuhusu mfalme wa Gethen mwaka 1975, alibadilisha viwakilishi vyote kuwa vya kike, lakini neno "mfalme" akaliacha. Mwaka 2013 mwandishi mwingine, Ann Leckie, katika Ancillary Justice, akaufanya mchezo huo kwa riwaya nzima: kila mtu ni wa kike katika lugha, awe na mwili wowote.

Kiswahili kinaupitia ugomvi huo kama mtu anayepita msibani kwa jirani asiyemjua. Alikuja, akaketi, akalia. Nani? Yeye. Leckie ukimtafsiri kwetu, ule mshangao unayeyuka wote, na Waturuki na Wafini nao wana tatizo hilo hilo. Katika warsha zetu nimesikia watu wakitamba kwamba lugha yetu ilishamaliza kazi hii zamani.

Tusijipongeze mapema. Kiswahili hakikuiacha jinsia. Kiliitoa kwenye kiambishi kikaificha kwenye kitenzi. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwenzake anatendwa, na hakuna aliyeona haja ya kutueleza kwa nini. Kitenzi hiki kimevaa suruali upande mmoja na kanga upande wa pili. Sasa niambieni: katika Gethen, ambako wapenzi wawili hawajui nani atakuwa nani wiki ijayo, nani aoe na nani aolewe?

Nilianza na "wameoana". Kauli ya kutendana inasaidia, wote wawili wanabeba mzigo sawa. Nikampelekea kurasa zangu mhariri mmoja, ambaye jina lake halihusiki. Zikarudi na kila "wakaoana" imekatwa kwa wino mwekundu na juu yake "akamwoa". Alidhani nimeteleza. Amekisia mwenyewe nani mwanamume! Nilipomuuliza amejuaje, akasema, "Si huyo aliyeanza kuongea?" Ile alama ya wino ilinifundisha kuliko makala zote. Msomaji wetu akiachiwa nafasi tupu, haiachi tupu. Mwishowe nikaacha kuoa kabisa nikaandika "waliapiana", kwa sababu kwa watu wale jambo lenyewe ni kiapo, hakuna posa wala kadhi.

Na "mzazi" je? Ni neno tunalojivunia kwamba ni la wote wawili. Lakini ukifika hospitali ukauliza wodi ya wazazi, utaonyeshwa walikolala wanawake waliojifungua. Baba yuko nje kwenye benchi na chupa ya chai. Mimi neno hilo linanifaa sana. Mtu wa Gethen anaweza kusema "mzazi wangu" akamaanisha aliyembeba tumboni, na msomaji wa pwani ataelewa bila kuelezwa. Wala sijaanza na mkaja. Katika ukoo ambao kila mtu amewahi kufunga mkaja, mkaja wa mama atalipwa nani? Hapo kuna hadithi nzima ya vichekesho, yeyote anayeitaka aichukue.

Lakini Gethen ina kasoro, na Le Guin mwenyewe aliiona. Alidhani wawili wakiingia kemmer lazima mmoja awe mke na mwingine mume. Wa jinsia moja akawataja kwa kupita tu, kama jambo adimu lisilohesabiwa. Katika yale maelezo ya 1987 alijutia hilo, kwamba aliwafunga watu wake katika mapenzi ya mume na mke bila sababu yoyote. Mwaka 1995 alirudi Gethen kwa hadithi nyingine akaufungua mlango huo.

Kazi yake ninayoipenda zaidi kwa somo la leo iko kwenye sayari nyingine, iitwayo O. Huko jamii imegawanyika pande mbili, watu wa Asubuhi na watu wa Jioni, na mtoto hufuata upande wa mama yake. Ndoa ni ya watu wanne: mwanamke na mwanamume wa Asubuhi, mwanamke na mwanamume wa Jioni. Chora mraba kwenye daftari lako, pembe nne, utaona. Mwanamke wa Asubuhi analala na mwanamume wa Jioni, na pia na mwanamke wa Jioni. Wanaume wawili nao ni wapenzi. Yaani mapenzi ya jinsia moja ni nguzo ya ndoa halali, yako ndani ya sheria tangu mwanzo. Mwiko ni nini basi? Ni mwanamume na mwanamke wa upande mmoja, wote Asubuhi au wote Jioni. Hiyo ndiyo fedheha ambayo ingemfanya bibi yako afiche uso.

Katika hadithi ya 1996, wanawake wawili wanapendana na hakuna anayewalaumu kwa hilo. Shida yao ni hesabu: hawatimizi wanne. Mmoja anavaa kiume ili ndoa ikamilike, na kosa lake mbele ya watu wale ni kuidanganya ndoa. Mnaona alichofanya? Aibu hakuiondoa duniani. Aliihamisha. Jamii isiyo na mwiko wowote haisadikiki, na neno hilo kwetu lina historia: Shaaban Robert alitujengea nchi angani mwaka 1951 akaiita Kusadikika, akatuma wajumbe nje na wakarudi kufungwa. Katama Mkangi naye akatupeleka Walenisi, nchi nyingine ya kubuni, mwaka 1995. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kujenga ulimwengu ni ugeni kwetu. Tulichokwepa ni kuingia na wajumbe chumbani.

Jambo la maneno, kwa haraka. Wengi mnaniletea hadithi ya mwaka 2300 yenye neno "shoga" kama tusi. Neno hilo pwani ni mwanamke akimwita rafiki yake wa kike, "shoga yangu", na pia ni jiwe la kumrushia mwanamume. Ukilipeleka mwaka huo unabeba mtaa wenu wote nalo. Watu wa O wasingekuwa na neno la mapenzi ya jinsia moja kabisa, kama nasi tusivyo na neno la watu wanaokula kwa mkono wa kulia.

Yupo aliyeniuliza pale mlangoni: haya yote nitachapa wapi? Swali la haki. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja inaadhibu hata "kuhamasisha", na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20. Mwandishi wa Kampala hapimi hatari sawa na wa Toronto, na sitamwambia mtu awe shujaa kwa shingo yake mwenyewe. Wengine huandika na kuweka. Daftari nalo ni mahali.

Basi, toeni kalamu. Ni harusi kwenye sayari ya O, watu wanne, ndugu wa pande mbili wamejaa ukumbini, na mshenga anasimama kutangaza. Andikeni sentensi yake ya kwanza. Kuoa na kuolewa ni marufuku, na "kuoana" nimeshaitumia mimi. Mna dakika kumi.