Watatu Walimwona

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, masista, ndugu zangu walei, nimepewa mada ndefu: imani, taamuli, yaani sala ya kukaa kimya mbele za Mungu, na changamoto za jamii ya leo. Rafiki yangu aliposikia kichwa hicho aliniuliza, "Watu wana njaa, wewe unakwenda kuwaambia wafumbe macho?" Nimekuja na swali lake hapa, maana ni zuri. Ila amekosea mahali pamoja: taamuli si kufumba macho.

Chukueni Injili ya Luka, sura ya 10. Tumezoea kuwasoma Martha na Maria peke yao, na maskini Martha hupigwa mawe katika kila mahubiri. Kinachotangulia hapo ni kisa cha Msamaria mwema. Luka ameyaweka pamoja, la kutenda na la kuketi kusikiliza, na sidhani kama ni bahati tu.

Sasa katika kisa hicho cha Msamaria kuna jambo nililolisoma miaka mingi bila kuliona. Yule kuhani alimwona majeruhi. Mlawi naye alimwona. Hakuna aliyepita kwa kutojua! Msamaria naye alimwona, akamhurumia. Barabara ileile ya kushukia Yeriko, majeruhi yuleyule, na wote watatu walikuwa na habari kamili.

Sisi nasi habari hatujakosa. Kabla hata hatujafanya ishara ya msalaba asubuhi, simu imekwisha kutuonyesha vita, mafuriko na wakimbizi wanaozama baharini. Kidole kinasogeza, tumeshapita kando. Sisemi tu wakatili. Jicho likipokea mengi mno bila kutulia, huchoka kuhurumia.

Nikiri la kwangu. Niliwahi kuwa katika kamati ya kuwahudumia wahitaji, na tulichapa kazi kweli, daftari lilijaa. Siku moja mama mmoja akatuuliza, kwa upole tu, kwa nini tunamwita "kesi". Tukatazamana. Hatukuwa na chuki naye, tulikuwa na haraka. Miezi kadhaa nyuma tulikuwa tumefuta sala ya kufungulia kikao, ili tuokoe muda.

Katekisimu inataja namna kuu tatu za sala: sala ya sauti, tafakuri na taamuli. Hii ya tatu Mtakatifu Teresa wa Avila aliieleza kama urafiki: kukaa mara kwa mara, faraghani, na Yeye tunayejua kwamba anatupenda. Basi. Na msidhani mama huyu alikuwa na nafasi kuliko ninyi. Tangu mwaka 1562 alianzisha monasteri moja baada ya nyingine, akisafiri katika afya mbovu na kusumbuana na wapinzani na madeni, huku akiwakumbusha masista wake kwamba Bwana yupo hata katikati ya vyungu vya jikoni. Anayekubali kutazamwa na Mungu bila kuharakishwa hujifunza kuwatazama wengine hivyohivyo. Siijui njia nyingine ya kujifunza.

Hata hivyo rafiki yangu asiondoke mikono mitupu. Sala huweza kugeuka maficho. Papa Leo XIII alipotoa waraka wake Rerum Novarum mwaka 1891 alidai mfanyakazi alipwe ujira wa haki, na tajiri anayempunja hawezi kulipa deni hilo kwa rozari. Mtakatifu Visenti wa Paulo naye aliwafundisha masista wake kwamba maskini akiwahitaji wakati wa sala, waiache waende kwake. Huko ni kumwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Watu wanaipenda sana kauli hiyo, hasa sisi wavivu wa kusali. Tunasahau kwamba masista hao aliwataka waamke kabla ya jua na kusali kwanza.

Nilikuwa na kurasa mbili zaidi, naziacha. Baba Paroko ameniruhusu: kabla ya maswali, tuzime simu, tukae kimya dakika 10 mbele ya Ekaristi Takatifu.