Cheche Imepotelea Wapi?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie magari ya zamani yanayogoma kuwaka, na leo nitabaki kwenye upande wa cheche tu. Kabureta namwachia mwingine. Ila nasema mapema: gari likimisi, wa kwanza kufunguliwa ni kabureta, kumbe maskini hana kosa.

Mfumo wenyewe, aliouendeleza Mmarekani Charles Kettering, ni ule wa pointi, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Cadillac ya mwaka 1912 ilikuja nao pamoja na stata ya umeme, na magari mengi yaliendelea kuutumia hadi miaka ya 1970. Umeme wa betri hupita kwenye swichi, ukaingia kwenye koili, yaani nyaya zilizosokotwa zinazopandisha volti, kisha pointi, ukarudi kupitia bodi, chuma chenyewe cha gari. Pointi zikifunga, sumaku hujengeka ndani ya koili. Zikifunguka, sumaku ile huporomoka ghafla na koili hutema volti 20,000 hivi. Shikeni hapo: cheche huzaliwa pointi zinapofunguka, si zinapofunga. Asiyelijua hili atabadilisha vipuri mpaka mfuko utoboke.

Kwa hiyo usianze kununua. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta (chombo kinachobeba pointi na kugawa cheche kwa kila plagi), ushike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, ncha yake ikae milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini. Mwenzako apige stata. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu, na tafadhali usiushike kwa mkono mtupu! Ukiona cheche ya buluu inayopiga kwa kishindo, koili na pointi ni wazima. Tatizo liko mbele: kifuniko, rota (kile kinachozunguka chini ya kifuniko na kupeleka cheche kwa kila waya), nyaya au plagi. Ikiwa hafifu, ya njano, au hakuna kabisa, rudi nyuma.

Huko nyuma ndiko kwenye kazi. Chukua taa ya kupimia, mguu mmoja kwenye bodi, ncha kwenye upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta. Washa swichi, piga stata. Taa inatakiwa kupepesa. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, pointi hazifungi umeme: zina uchafu, au njia yake ya kwenda kwenye bodi imekatika. Isipowaka kabisa, pima upande wa pili wa koili. Umeme ukiwepo pale, basi pointi hazifunguki, au kuna kitu kinagusa bodi, pengine kondensa yenyewe (kikopo kinachozima miale kwenye pointi), au koili imekatika ndani.

Nataka tukae kidogo kwenye njia ya bodi. Ndani ya distribyuta kuna kiwaya kifupi kinachounganisha bamba la pointi na kasha. Bamba hilo husogea kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na kiwaya hukunjwa nalo. Baada ya miaka, nyuzi hukatika ndani ya ganda na ganda likabaki zima. Kwa macho, kila kitu salama. Gari linanguruma vizuri likisimama, ukikanyaga mafuta linakohoa. Kivute taratibu, kikinyumbuka kama mpira, umempata mwizi.

Pointi zenyewe: magari mengi ya Uingereza ya silinda 4 hutaka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, lakini kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Pima kwa filagauji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya pembe ya kamu, mhimili unaozisukuma pointi zifunguke. Kisigino kikilika, mwanya hupungua na cheche huchelewa. Ndiyo maana pointi hutangulia, taimingi, yaani kupanga wakati wa cheche kupiga, hufuata. Anayegeuza mpangilio huo atafanya kazi mara mbili. Na pointi mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu: zifute kwa spiriti kabla ya kufunga.

Kondensa ni kikopo kidogo, mikrofaradi 0.2 hivi. Ikifa, utaona miale mikali kati ya pointi, nazo huungua haraka. Njia rahisi ni kuunganisha nyingine kwa nje na kutazama. Tahadhari yangu: mpya dukani si lazima iwe nzima. Ile ya zamani inayofanya kazi msiitupe.

Sasa lile gari linalowaka asubuhi bila tabu, likipata moto linazima, likipoa linawaka. Watu husema petroli inachemka. Huenda. Lakini pima cheche pale pale likiwa la moto; ikiwa haipo, shuku koili au kondensa. Koili isiyotumia rezista (kipande kinachopunguza umeme kabla ya kufika kwenye koili) huwa na ukinzani wa omu 3 hivi upande wa volti ndogo, ya rezista 1.5 hivi. Ukiifunga hii ya pili bila rezista yake, itachemka na kuunguza pointi. Na gari likiwaka unapopiga stata, likazima ukiachia ufunguo, kagua rezista kwanza, kwa sababu wakati wa stata umeme huikwepa.

Kifuniko na rota sina mengi: fungua boneti gizani, injini ikiwa inanguruma, na umeme unaovuja utauona kwa macho.

Sogeeni mezani. Distribyuta hii nimeiharibu makusudi mahali pamoja. Taa ya kupimia hiyo hapo, nani anaanza?